Kunasa kaboni dioksidi kwa chokaa ya Koru au kauri za lithiamu: ipi inapatana na mvuke?

Mwaka jana, masika yalipokolea, niliacha kopo la chokaa kwenye rafu ya maabara hapa Kisumu bila kukaza kifuniko. Lilikuwa kopo la bati la maziwa ya unga. Ndani nilikuwa nimetia chokaa niliyoichoma mwenyewe kwa nyuzi 900 za sentigredi, jiwe la chokaa kutoka Koru lililopondwa hadi likawa punje za ukubwa wa mtama. Niliporudi baada ya wiki tatu kopo lilikuwa limefura tumbo na mshono wa ubavuni umeachia. Punje hazikuwepo tena. Ulibaki unga mweupe, laini kama unga wa uji. Hakuna mtu aliyeligusa, ni unyevu wa hewa ya ziwa tu.

Hesabu yake ni fupi. Moli moja ya chokaa iliyochomwa, yaani CaO, inajaza sentimita 17 hivi za ujazo. Ikinywa maji ikawa chokaa iliyozimwa, inafika 33. Ikinasa kaboni dioksidi na kurudi kuwa jiwe la chokaa, 37. Kitu kinaongezeka maradufu na pahali pake ni palepale. Akina mama wafinyanzi wa Nyanza wanaijua shida hii bila kalamu: punje ya chokaa ikijificha kwenye udongo, chungu kinatoka motoni kizima kabisa, halafu siku chache baadaye kinabanduka kipande ubavuni na kuacha kitobo chenye doa jeupe katikati. Mnunuzi anasema mama amemuuzia chungu kibovu, kumbe ni maji ya hewani yaliyoipata chokaa.

Nimeanza na kopo kwa sababu kila mwaka wanafunzi wanakuja kuniuliza wachague kitu gani cha kunasa kaboni dioksidi kwenye joto kali, na karibu wote wanachagua kwa jedwali lililopimwa kwa gesi kavu. Mazungumzo ya mwisho yalikuwa hivi:

"Mwalimu, nimeamua. Nitatumia kauri ya zirkonati ya lithiamu."

"Kwa nini hiyo?"

"Haichoki. Unainasisha na kuiachisha mara nyingi, bado iko vilevile."

"Vizuri. Na moshi utautoa wapi?"

"Boila ya kiwanda cha sukari. Mjomba wangu ni fundi huko."

"Moshi wa mjomba una maji kiasi gani?"

Alinyamaza, akafungua daftari, akalifunga.

Moshi wa makapi ya miwa

Chukua boila ya kiwanda chochote cha sukari ukanda huu, Muhoroni, Chemelil au Awendo. Makapi yanayotoka kwenye vinu huwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Kwa hiyo kila kilo moja ya makapi makavu inaingia tanurini na kilo nzima ya maji mgongoni. Haidrojeni iliyomo kwenye makapi nayo ikiungua inazaa maji mengine, zaidi ya nusu kilo. Ukipiga hesabu kwa hewa ya ziada ya asilimia 30, moshi unatoka na mvuke wa takriban asilimia 25 na kaboni dioksidi asilimia 12 hivi kwa ujazo. Mvuke ni mara mbili ya kile unachotaka kukinasa. Huwezi kuuita uchafu mdogo utakaoushughulikia baadaye.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kuhusu kitu chochote hapa ni mvuke unakifanya nini. Uwezo wake wa kunasa unafuata nyuma. Na mvuke unakuja kwa nyakati tatu zenye tabia tofauti: wakati wa kunasa, wakati wa kuachisha gesi ili kitu kitumike tena, na wakati kitu kimelala tu kwenye gunia au kopo. Ukisoma andiko linalosema "mvuke unasaidia" au "mvuke unaharibu" bila kutaja wakati upi, liweke kando kwanza.

Uwezo wa karatasini ni huu, uuone halafu uusahau kidogo: gramu moja ya CaO inaweza kubeba gramu 0.78 ya kaboni dioksidi. Silikati ya lithiamu, Li4SiO4, gramu 0.37, zirkonati ya lithiamu, Li2ZrO3, 0.29; zirkonati ya sodiamu, Na2ZrO3, 0.24.

Chokaa

Chokaa inafanya kazi kwa vyombo viwili. Kimoja kinakaa nyuzi 650 hivi, moshi unapita, CaO inanasa. Punje zilizoshiba zinahamia chombo cha pili chenye nyuzi 900 hivi, zinaachia gesi, zinarudi. Shimizu na wenzake wa Japani waliupendekeza mpangilio huu kwa moshi wa mitambo ya umeme mwaka 1999, na huko La Pereda, Uhispania, mtambo wa majaribio wa megawati 1.7 umeonyesha kwamba si ndoto ya karatasini. Kwa moshi wetu wa asilimia 12, na shinikizo la hewa la Kisumu ambalo liko chini ya lile la pwani kwa sababu tuko mita 1,131 juu ya bahari, chokaa kwenye nyuzi 650 inaweza kukamata takriban asilimia 90 ya gesi, haizidi hapo. Ukitaka zaidi teremsha joto, lakini basi kasi inaanguka.

Aibu ya chokaa ni uchovu. Inaponasa, ganda la jiwe la chokaa linajijenga juu ya punje, na likifika unene wa nanomita 50 hivi gesi inashindwa kupenya kwa haraka. Kisha kwenye chombo cha moto mkali vijipunje vinashikamana kama sukari guru iliyoachwa juani, vitundu vinaziba. Jiwe la kawaida lililoanza kwa kunasa sehemu kubwa ya uwezo wake linashuka hadi moja ya tano hivi baada ya mizunguko ishirini, na baada ya mamia linatulia kwenye asilimia 7 au 8. Ile 0.78 inakuwa 0.06. Hii ndiyo sababu wanafunzi wanaikimbia.

Sasa ingiza mvuke. Wakati wa kunasa, mvuke ni rafiki kabisa. Kwenye nyuzi 650 chokaa haiwezi kubaki imezimwa, kwa sababu chokaa iliyozimwa inavunjika ikipita nyuzi 510 hivi hata kwenye mvuke mtupu. Kwa hiyo usiogope yaliyolipata kopo langu. Kinachotokea ni kwamba maji yanagusa uso wa punje, yanaacha na kuchukua, na katika kufanya hivyo yanaharakisha safari ya chembe ndani ya lile ganda. Ile hatua ya pili, ya kujikokota, ndiyo inayopata nafuu kubwa. Na hauhitaji mvuke mwingi: hata asilimia 1 inaonekana kwenye vipimo, na kuongeza kupita kiasi fulani hakuleti mengi. Moshi wa makapi wenye asilimia 25 tayari umezidi unachohitaji.

Wakati wa kuachisha mambo yana pande mbili, na hapa ndipo ningekaa na mwanafunzi saa nzima. Mvuke unapunguza ukali wa kaboni dioksidi inayozunguka punje, hivyo punje zinaachia kwenye joto la chini. Kwenye kaboni dioksidi tupu hapa Kisumu unahitaji takriban nyuzi 885 ndipo jiwe lianze kuachia. Changanya nusu kwa nusu na mvuke, unashuka hadi karibu 840. Halafu ukipoza hewa hiyo, mvuke unageuka maji na kumwagika, na mkononi unabaki na kaboni dioksidi iliyo safi. Hewa ya kawaida haiwezi kukufanyia hivyo, kwa sababu naitrojeni haitoki kwa kupozwa tu.

Lakini mvuke huohuo unaharakisha vijipunje kushikamana. Vitundu vidogo vinamezwa, vikubwa vinabaki. Hasara iko wazi, eneo la uso linapungua. Faida haisemwi sana: vitundu vikubwa haviibiwi kwa urahisi na ganda linalojijenga, kwa hiyo baada ya mizunguko kadhaa chokaa iliyoachishwa kwenye mvuke mara nyingi inakuwa na nguvu kuliko ile iliyoachishwa pakavu. Inaanza nyuma na kumaliza mbele. Mtu aliyepima mzunguko mmoja tu atakwambia mvuke ni adui. Aliyepima ishirini atakuwa na habari nyingine.

Na mvuke si wa bure. Ukitumia moli moja ya mvuke kwa kila moli ya gesi inayoachiwa, kuchemsha maji na kuyapandisha hadi nyuzi 850 kunakula karibu kilojuli 70, wakati kuachisha kwenyewe kunahitaji 178. Kiwandani una mvuke uliotoka kwenye tabo, ile mashine ya kuzungusha jenereta ya umeme, ndiyo, sehemu kubwa ya gharama imeshalipwa. Ila mvuke huo una mwenyewe: sufuria za kuchemshia maji ya miwa zinaudai. Mpishi wa sukari hatakuachia hivihivi.

Kuna njia ya tatu, ya kuizima chokaa makusudi. Unaitoa kwenye mzunguko, unaipoza chini ya nyuzi 400, unaipa mvuke, inavimba na kupasuka vitundu vipya, kisha unairudisha. Uwezo unapanda tena kwa kiasi kikubwa. Bei yake ni ile ya kopo la maziwa: punje zinakuwa dhaifu, zinasagana ndani ya chombo ambamo gesi inazirusha juu kama mchanga, unga unatoroka na moshi. Ningeifanya kwa sehemu ndogo ya chokaa tu, na kwa kitanda kilichotulia, yaani tabaka la punje zilizolala, si kwa kinachorusha punje.

Neno kuhusu jiwe lenyewe. La Koru si matumbawe kama la Bamburi kule pwani. Ni la asili ya volkano, kwa hiyo lina chuma na madini mengine ndani yake, na mashimo mawili ya mlima mmoja yanaweza kukupa mawe mawili yenye tabia mbili. Usinunue gunia moja ukadhani umelipima jiwe la Koru. Na majivu ya makapi yana silika nyingi, ambayo kwenye joto kali inaungana na chokaa ikawa silikati isiyonasa kitu. Chuja majivu kabla, au ujiandae kubadilisha chokaa mara kwa mara.

Kubadilisha si msiba. Viwanda vya sukari tayari vinatumia chokaa kusafishia maji ya miwa, magodauni yapo. Chokaa iliyochoka inaweza kwenda shambani, maana udongo mwingi wa Kakamega na majirani zake ni wa tindikali na mahindi yanaumia. Jedwali la uwezo wa kunasa haliwezi kukuonyesha hilo.

Silikati ya lithiamu

Hii ni kauri ya kiungwana. Ilitoka kwenye maabara za Toshiba, walioanza na zirkonati ya lithiamu mwaka 1998 na miaka michache baadaye wakaja na silikati, iliyo nyepesi na ya haraka zaidi. Inanasa vizuri kati ya nyuzi 500 na 650 na kuachia ikipita 700 na kitu, kutegemea gesi iliyoizunguka. Inarudia kazi bila kuchoka kwa kasi ya chokaa.

Pakavu ina tatizo moja: kwenye gesi yenye kaboni dioksidi kidogo, chini ya nyuzi 550, inasinzia. Lithiamu inapaswa kutoka ndani ya punje, ipenye maganda mawili, ikutane na gesi nje. Mvuke unaiamsha. Chembe za lithiamu zinatembea kwa urahisi zaidi, na kile kilichochukua saa kinachukua dakika kadhaa. Wengine wanaongeza kaboneti ya potasiamu ili ganda la nje liyeyuke kidogo, maana mchanganyiko wa kaboneti za lithiamu na potasiamu unayeyuka karibu na nyuzi 500. Mvuke na potasiamu zikishirikiana unapata kasi nzuri kweli. Majivu ya makapi yenyewe yana potasiamu. Msaada au hatari? Kidogo ni dawa. Ikizidi, punje zinagandana mabonge na kitanda kinaziba. Mimi nisingeacha majivu yanichagulie kipimo.

Adui yake yuko kwenye kuachisha. Mvuke wa moto mkali unaibeba lithiamu kidogo kidogo ikiwa hidroksidi ya mvuke, na ikishatoka hairudi. Chini ya nyuzi 700 hasara ni ndogo, juu ya 800 na mvuke mzito usijidanganye. Chokaa ikipungua unaagiza lori kutoka Koru, kesho iko getini. Lithiamu ikipungua unaagiza chupa kutoka ng'ambo kwa gramu.

Salfa nayo inaifunga kabisa, lakini makapi ya miwa hayana salfa nyingi. Kwa moshi wa mafuta mazito ningesema vingine.

Zirkonati

Nitazipitia haraka. Zirkonati ya lithiamu haichoki, hilo mwanafunzi alisema kweli, kwa sababu zirkonia, yaani oksidi ya zirkoniamu, inayobaki inashika umbo la punje. Lakini pakavu, kwenye gesi ya asilimia 12, ni mvivu kupindukia, na mvuke unampandisha mvivu hadi awe mwenye mwendo wa kawaida tu. Ya sodiamu ni ya haraka zaidi na inanasa kwa uchu, ila uchu huohuo unaifanya igome kuachia hadi nyuzi 800 na zaidi.

Kuna jambo linalonivutia kama Mkenya: sodiamu tunayo Magadi, na zirkoni ilichimbwa Kwale hadi mwisho wa 2024. Wanafunzi wananiambia basi tuitengeneze hapa. Polepole. Kilichotoka Kwale ni zirkoni yenye silika ndani yake, na kuigeuza kuwa zirkonia safi ni kiwanda kizima kingine.

Na mvuke baridi? Hapa kauri zote hizi ni ndugu wa kopo langu. Kwenye nyuzi 30 hadi 80, pakiwa na unyevu, zirkonati ya sodiamu na silikati ya lithiamu zinanasa kaboni dioksidi ya hewani zikiwa zimelala. Unapima uwezo Jumatatu, unarudi Ijumaa unakuta umepungua, unalaumu tanuri.

Kupima bila kujidanganya

Kupitisha gesi kwenye chupa ya maji ni njia rahisi ya kutengeneza mvuke, lakini hesabu ya kitabu ni ya usawa wa bahari. Chupa ikiwa nyuzi 60, kitabu kitakuambia mvuke ni karibu asilimia 20. Hapa Kisumu ni karibu 23, kwa sababu hewa yetu ni nyepesi na maji yetu yanachemka nyuzi 96. Nakuru, mita 1,850 hivi, inazidi kidogo tena. Nakumbuka siku nzima niliyoipoteza kwa bomba la sentimita thelathini kati ya chupa na tanuri ambalo sikulizungushia waya wa joto. Mvuke wote uligeuka matone njiani na mimi naandika "asilimia 20" daftarini kwa ujasiri. Tone moja liliponing'inia kwenye mdomo wa bomba ndipo nikaelewa.

La pili: mizani haijui tofauti ya maji na kaboni dioksidi. Punje ikiongezeka uzito penye unyevu, huenda imenywa tu. Pima kwanza kwa mvuke bila kaboni dioksidi, kisha kwa vyote viwili, utoe. Na umpime kila mgombea kwa mizunguko isiyopungua kumi na mitano kabla hujamsifu.

Basi kwa nani, ipi

Kwa moshi wa boila ya sukari, chokaa. Sisiti. Moshi una mvuke inaoupenda wakati wa kunasa, jiwe liko karibu, na ikichoka ina pa kwenda. Achisha kwenye mchanganyiko wa mvuke ikiwa mpishi wa sukari atakuruhusu. Asipokuruhusu, tumia joto zaidi na ukubali kubadilisha jiwe mapema.

Ukiwa unatengeneza haidrojeni kutokana na biogesi, habari inabadilika. Humo mvuke ni sehemu ya mapishi yenyewe, gesi haina majivu, kiwango ni kidogo, na joto la nyuzi 550 hadi 600 linaifaa silikati. Hapo ningelipa bei ya lithiamu, mradi nisiiachishe kwenye mvuke wa nyuzi zaidi ya 750. Salfa ya biogesi iondolewe kwanza, hilo halina mjadala.

Watu wa Nakuru huniuliza kuhusu mvuke wa ardhini wa Menengai: si uko bure pale? Mvuke unaofika juu ya kisima hauko karibu na nyuzi 600 kwa vyovyote, na umebeba salfaidi ya haidrojeni inayoharibu kauri zote hizi. Ndiyo maana wanaonasa kaboni dioksidi kutoka hewani huko Gilgil wanatumia vitu vinavyofanya kazi kwenye joto la chini, si kauri. Ni biashara nyingine, ina hesabu nyingine.

Zirkonati, iache kwa somo la darasani juu ya jinsi chembe zinavyopenya ganda. Kwa hilo ni nzuri sana.

Mwanafunzi wangu amerudi na jiwe la Koru kutoka magunia mawili tofauti, kila moja kwenye mfuko wake wenye kibandiko. Wiki hii anachekecha punje za nusu milimita. Nimempa chupa ya kioo yenye kifuniko cha raba, na kopo la maziwa bado liko juu ya rafu, na tumbo lake, ili kila anayeingia aliulize.